Nenda Ukafungue Mlango

 

Leo tukae kidogo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 12, mstari wa 12 hadi 16. Ukipata nafasi isome mwenyewe kabla ya kulala. Petro ametolewa gerezani usiku. Anafika nyumbani kwa Maria, mama yake Yohana Marko, na anabisha hodi. Ndani kuna watu wengi wanaomba, na wanayemwombea ni Petro huyo huyo. Mjakazi mmoja anaitwa Roda anaenda kusikiliza ni nani. Anaitambua sauti, anajawa na furaha, anasahau hata kufungua. Anarudi mbio kuwaambia kwamba Petro yuko mlangoni.

Wakamjibu nini? Kwanza walimwambia amerukwa na akili. Roda akashikilia neno lake. Ndipo wakageuza, wakasema labda ni malaika wake Petro.

Hebu tulia hapo, mtu wa Mungu. Jibu la kwanza lilikuwa la dharau. Jibu la pili lilikuwa la kiroho sana. Lakini yote mawili yalitoka kwa watu ambao hawakuwa wamepiga hatua hata moja kuelekea mlangoni. Na muda huo wote Petro yuko nje gizani, anaendelea kubisha. Kilichomaliza ubishi ni mtu kwenda kufungua mlango.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo ambalo halikosi kurudi kwenye simu zetu: habari za vitu visivyotambulika angani, vile ambavyo wengi wanaviita UFO. Video inaingia kwenye grupu, na papo hapo nyumba ya Maria inagawanyika tena. Upande mmoja wanasema aliyeona alikuwa amelewa. Upande wa pili wanasema ni mapepo, ni siku za mwisho, ni viumbe kutoka sayari nyingine. Ni wachache sana wanaouliza: je, kuna mtu aliyeenda kuangalia?

Maoni yangu ni haya. Mtu akikuambia ameona jambo geni, deni lako la kwanza kwake ni kuchunguza. Kumcheka ni uvivu. Kumkubalia yote bila kuangalia ni uvivu ule ule, ila umevaa suti ya Jumapili.

Nikupe kisa cha kweli ili tusiongee hewani.

Tarehe 24 Juni 1947, huko jimbo la Washington nchini Marekani, mfanyabiashara mmoja aitwaye Kenneth Arnold alikuwa akiendesha ndege yake ndogo. Kazi yake ilikuwa kuuza vifaa vya kuzima moto, na alikuwa rubani mwenye uzoefu wa kuruka milimani. Siku hiyo alikuwa ametenga muda kusaidia kutafuta ndege ya jeshi iliyokuwa imepotea karibu na Mlima Rainier. Mnamo saa tisa alasiri aliona mmweko wa mwanga, kisha akaona vitu tisa vikipita kwa mstari mbele ya milima, kwa kasi ya ajabu.

Sasa angalia mtu huyu alifanya nini. Alifikiri labda ni mwanga unaorudishwa na kioo cha ndege yake, basi akafungua dirisha ili aangalie bila kioo. Akatazama saa yake, akahesabu muda ambao vitu vile vilitumia kutoka Mlima Rainier hadi Mlima Adams: dakika 1 na sekunde 42. Alipopiga hesabu akapata kasi ya takriban kilomita 2,700 kwa saa, na hata alipoipunguza kwa tahadhari bado ilikuwa karibu kilomita 1,900. Kumbuka kwamba wakati huo hakuna rubani aliyekuwa ametambuliwa rasmi kuipita kasi ya sauti. Jambo hilo lilifanyika Oktoba mwaka huo huo.

Aliposhuka alieleza alichoona. Alisema mwendo wa vitu vile ulikuwa kama wa kisahani ukikirusha kirukeruke juu ya maji. Wanahabari wakachukua neno hilo moja, na ndani ya siku chache dunia nzima ilikuwa inazungumzia visahani vinavyoruka. Yeye alikuwa ameeleza mwendo, lakini wao wakaandika umbo. Unaona jinsi ushuhuda wa mtu unavyoweza kubadilika ukiwa mikononi mwa watu wengine? Na Arnold mwenyewe mwanzoni alidhani ameona vyombo vya siri vya jeshi la nchi yake. Hakutoka mlimani na mafundisho kuhusu sayari nyingine. Alitoka na saa, dirisha lililofunguliwa na swali.

Baadaye alilalamika hadharani kwamba watu wanamwona kama kichaa. Roda angemwelewa.

Lakini kuna watu walioinuka kwenda mlangoni. Maafisa wawili wa ujasusi wa jeshi la anga, Kapteni William Davidson na Luteni Frank Brown, walisafiri Julai 1947 hadi jimbo la Idaho alikokuwa akiishi. Walikaa naye, wakamsikiliza, wakamuuliza maswali, wakamtazama ni mtu wa namna gani. Katika ripoti yao Brown aliandika maoni yake kwamba Arnold kweli aliona kile alichosema aliona. Sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi huteleza. Hakuandika kwamba Arnold aliona chombo kutoka sayari nyingine. Aliandika kwamba shahidi huyu ni mkweli. Swali la vitu vile ni nini lilibaki wazi. Baadaye jeshi la anga liliweka kwenye faili kwamba yalikuwa mazigazi, na wengine wamependekeza ndege wakubwa au vimondo. Huenda mmoja wao yuko sahihi. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu alichoona na bado akakosea kuhusu maana yake.

Kutenganisha mambo hayo mawili kungeponya familia nyingi. "Nakuamini kwamba uliona kitu" ni sentensi moja. "Nakubaliana nawe kuhusu kilikuwa nini" ni sentensi nyingine. Unaweza kusema ya kwanza leo na ya pili ukaisubirisha.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu ninajua kuna anayewaza: Pasta, tukimsikiliza kila mtu si tutadanganywa?

Ndiyo, wapo wadanganyifu, na uongo wao una gharama. Maafisa wale wale wawili, Davidson na Brown, waliitwa mwisho wa Julai hadi mji wa Tacoma. Wanaume wawili huko walidai kwamba mwezi uliotangulia vyombo vya ajabu vilikuwa vimeonekana juu ya Kisiwa cha Maury na kumwaga vipande vya chuma. Maafisa walienda, wakasikiliza, na hawakuridhika. Usiku ule ule walipanda ndege ya jeshi kurudi kambini California. Mapema tarehe 1 Agosti 1947 injini ilishika moto, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Kelso. Watu wawili waliruka kwa miavuli na kupona. Davidson na Brown walikufa. Uchunguzi wa FBI ulihitimisha kwamba habari ya Kisiwa cha Maury ilikuwa ya kutungwa.

Mpendwa, jambo hili lilinikalia moyoni. Ndege iliharibika kwa moto wa injini, na hiyo ni ajali. Lakini wasingekuwa ndani yake usiku ule kama si uongo. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 19, kuanzia mstari wa 16, utaona kwamba shahidi wa uongo si jambo la mzaha mbele za Mungu. Waamuzi wanaagizwa wachunguze kwa bidii, na uongo ukithibitika adhabu yake ni nzito. Ukitoa ushuhuda madhabahuni wa muujiza ambao haukutokea, ukituma kwenye grupu picha ya mbinguni iliyotengenezwa kwa kompyuta, usiseme ulikuwa unachangamsha watu. Kuna mtu ataacha kazi yake, atapanda gari usiku, atauza mbuzi wake kwa sababu ya neno lako.

Na uangalie tena andiko hilo linasema nini kuhusu dawa ya uongo. Haliwaagizi waamuzi waache kusikiliza watu. Linawaagiza wachunguze. Uchunguzi ndio uliomtofautisha Arnold na wale wa Tacoma. Kwa kelele peke yake wote walifanana.

Ndugu yangu wa ofisini, wewe afisa, chifu, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, nina neno na wewe pia.

Marekani ilianzisha mradi rasmi wa kuchunguza ripoti hizi. Ulianza kwa majina mengine kuanzia 1948, na kuanzia 1952 ukaitwa Blue Book. Mshauri wake wa sayansi alikuwa J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota. Machi 1966 watu wengi huko Michigan, wakiwemo wakulima, polisi na wanafunzi wa chuo, waliripoti mianga ya ajabu. Taifa zima lilitaka jibu haraka. Hynek alisimama mbele ya wanahabari na kusema kwamba baadhi ya mianga hiyo huenda ilikuwa gesi ya kinamasi, yaani hewa inayotoka kwenye mimea inayooza majini na inayoweza kuwaka. Alitumia neno "huenda", na alizungumzia sehemu mbili tu. Lakini wananchi walisikia dharau. Gerald Ford, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Michigan na baadaye akawa Rais, alidai Bunge lisikilize jambo hilo. Gesi ya kinamasi ikawa kichekesho hadi leo.

Kosa halikuwa lazima kwenye sayansi. Gesi hiyo ipo. Shida ni jibu kufika kabla watu hawajaamini kwamba wamesikilizwa. Soma Mithali 18:13 polepole uone kinachosemwa kuhusu mtu anayejibu kabla ya kusikia.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka wa 1997 utafiti wa kihistoria uliochapishwa na CIA yenyewe ulieleza kwamba ripoti nyingi za miaka ya hamsini na sitini zilitokana na ndege zao za siri za upelelezi, hasa ile iitwayo U-2. Ilianza kuruka 1955, juu kuliko ndege yoyote ambayo marubani wa abiria waliizoea, zaidi ya futi 60,000. Jua likiipiga jioni iling'aa kama moto wakati huku chini giza limeanza kuingia. Watu waliripoti walichoona. Wachunguzi wa Blue Book waliweza kulinganisha ripoti hizo na ratiba za safari, lakini hawakuruhusiwa kumwambia mwananchi ukweli. Basi wakampa maelezo mengine.

Fikiria rubani yule. Macho yake yalikuwa salama. Aliona kitu halisi, cha chuma, chenye mtu ndani. Na ofisi iliyojua hivyo ikamwacha aonekane amekosea. Najua serikali zina siri za ulinzi, na siri nyingine ni za lazima. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kumpa mtu jibu la uongo ni jambo lingine. Ukimfanya shahidi mkweli ajitilie shaka ili ofisi yako ibaki safi, umemdhulumu. Na baadaye hata ukisema kweli hawatakuamini. Sehemu ya sababu ya mamilioni ya watu kutoiamini serikali ya Marekani kuhusu UFO hadi leo ni hiyo.

Mradi wa Blue Book ulitangazwa kufungwa Desemba 1969. Ripoti zilizokusanywa tangu 1947 zilikuwa 12,618. Nyingi zilipata maelezo: nyota, sayari, ndege, puto, setilaiti, na nyingine uongo mtupu. Zilizobaki bila kutambuliwa zilikuwa 701. Ni karibu sita katika kila mia.

Hizo 701 ndizo zinazotujaribu. Mwenye dharau anasema hizo nazo ni upuuzi, hata kama hajazisoma. Mwenye kupenda makubwa anasema hizo ndizo ushahidi wa wageni kutoka mbinguni, hata kama naye hajazisoma. Jeshi la anga lilisema halikupata ushahidi kwamba vilikuwa vyombo vya kutoka nje ya dunia, na likaziacha zikiandikwa "havikutambuliwa". Neno hilo lina maana moja tu: tuliangalia, hatukujua.

Kwa nini sisi watu wa kanisa tunaogopa sana neno "sijui"? Mchungaji akiulizwa jambo anaona aibu kukosa jibu, basi anatoa unabii. Lakini soma Luka 24:11-12. Wanawake walitoka kaburini na habari, na mitume wakaona ni maneno ya upuuzi tu. Nani aliyeinuka na kukimbia kwenda kuangalia? Petro. Akainama, akaona sanda peke yake, akarudi nyumbani akistaajabu. Wakati huo hakurudi na mahubiri. Alirudi na alichoona na mshangao wake, na Mungu hakumkemea kwa hilo. Jibu lilimfikia kwa wakati wake.

Petro huyo ndiye tuliyemwacha mlangoni kwa Maria. Yeye alipoambiwa jambo gumu na wanawake, alikwenda kuangalia. Siku yeye alipokuwa habari yenyewe, waliokuwa ndani wakabaki wakibishana.

Usidhani mambo haya ni ya Marekani peke yake. Tarehe 30 Desemba 2024, kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu. Upana wake ulikuwa karibu mita 2.5 na uzito wake karibu kilo 500. Hebu jiweke kwenye viatu vya mwanakijiji anayepiga simu kusema chuma cha nusu tani kimetoka angani. Ungemwamini? Lakini maafisa walifika, wakalinda eneo, na wataalamu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya wakaichukua kuichunguza. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika lilitoa taarifa kwamba kwa tathmini ya awali ni kipande cha roketi, pete ya kutenganisha, ambayo kwa kawaida huundwa iungue ikirudi angani au ianguke baharini. Uvumi ulipoanza kuitaja nchi fulani kuwa mwenye mali, Shirika likakanusha kwamba limefikia uamuzi huo.

Mimi nawapongeza. Wanakijiji walisema walichoona. Ofisi ilikwenda. Ikasema inachojua, ikaita tathmini yake ya awali, na ikakataa kusukumwa kusema zaidi. Hivyo ndivyo mlango unavyofunguliwa.

Sasa turudi nyumbani kwako, mpendwa, kwa sababu huenda hutawahi kuona kitu angani maisha yako yote. Lakini Roda atakujia. Atakuja akiwa mtoto wa darasa la nne, akisema mjomba fulani anamfanyia mambo. Atakuja akiwa dada wa kazi, akisema kuna mtu usiku anazunguka boma. Atakuja akiwa mweka hazina wa kikundi, akisema hesabu za sadaka hazilingani. Na utasikia ulimi wako ukitaka kutoa moja ya majibu mawili. La dharau: wewe una wazimu, huyo ni mtu wa heshima. Au la kiroho: hilo ni shambulizi la adui, tufunge siku tatu.

Kufunga ni kuzuri. Wale wa nyumbani kwa Maria walikuwa wakiomba, na Mungu alikuwa amejibu. Lakini maombi hayakuondoa haja ya mtu kwenda kushika komeo. Omba ukitembea kuelekea mlangoni.

Roda alikuwa mjakazi. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu ya kutoaminiwa. Kama ni mzee wa kanisa aliyesema Petro yuko nje, huenda wangekimbia wote. Mwaka wa 2023 jopo la wataalamu lililoundwa na NASA lilisema unyanyapaa unawafanya watu wasiripoti wanachoona angani, na hivyo taarifa muhimu hupotea. Kama rubani mwenye leseni anaogopa kuchekwa, mtoto wako je?

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo matatu. Mtu akikuletea neno gumu, msikilize mpaka amalize. Muulize aliona nini kwa macho yake, na umwache atenganishe na anachodhani. Kisha inuka uende ukaangalie, au umpeleke kwa mwenye mamlaka ya kuangalia. Ukikuta ni uongo, sema ni uongo. Ukikuta ni pete ya roketi, sema ni pete ya roketi. Na ukikosa kujua, sema hujui, na usimwaibishe aliyekuambia.

Tuombe. Baba, tupe masikio ya kumsikia mdogo kati yetu. Tuondolee ulimi wa haraka. Walinde mashahidi wa kweli, na uwape wachunguzi wetu ujasiri wa kusema wanachojua na unyenyekevu wa kusema wasichojua. Katika jina la Yesu.

Kama kuna Roda ambaye ulimnyamazisha, mpigie simu leo kabla hujalala. Andika AMINA, na umtumie ujumbe huu mtu mmoja aliye ofisini.